"News" haikutoka kwenye dira

Kila muhula mpya nawauliza wanafunzi wangu wa uandishi wa habari neno "news" limetoka wapi. Kabla sijamaliza kuliandika ubaoni, mkono wa mbele umeshapanda: "North, East, West, South, mwalimu. Maana habari zinatoka pande zote." Darasa zima linaitikia kwa kichwa. Mwaka huu mmoja aliongeza kwamba sekondari aliulizwa swali hilo kwenye jaribio, akajibu hivyo na akapata tiki.

Tiki hiyo irudishwe. "News" ni "new" na "s" ya wingi, basi. Mapya. Mswahili akikutana na mwenzake anauliza "Kuna jipya?", wala hataji jipya gani, kivumishi kimeshakuwa nomino. Waingereza walifanya hivyohivyo tangu zama za kati, wakiiga Kifaransa cha zamani, "noveles", ambacho leo Wafaransa wanaandika "nouvelles". Nalo ni mapya, tena kwa wingi.

Anayebisha namwandikia neno lilivyoandikwa karne ya 16: "newes". Haya, North, East, West, East tena, South? Mashariki kuna habari kiasi gani hata itajwe mara mbili? Na nani anayesoma dira kwa mpangilio huo? Ukienda na mshale wa saa unapata N, E, S, W.

Hiyo "North, East, West, South" ilikuwa mzaha, na ni mzaha mkongwe: ulichapwa London mwaka 1640 kwenye kitabu cha vishairi vya kuchekesha. Sisi tumeuchukua kama somo. Nadhani kinachotuponza ni kuishi katikati ya vifupisho. TANU, TANESCO, UKIMWI: tumezoea kwamba neno likifumuliwa herufi zake, ndani mna sentensi. Kiingereza kilikuwa hakina mtindo huo. Maneno ya herufi za mwanzo yameshamiri karne ya 20, kama "radar" lililoanza kutumika mwaka 1940. Wakati huo "news" ilishakuwa babu.

Ukielewa hiyo "s", utaelewa pia kwa nini nasahihisha kwa kalamu nyekundu kila ninapoona "We have received a news". Kwetu "habari moja" ni sawa kabisa, ila Kiingereza hakihesabu "news". Sema "some news" au "a piece of news". Na ingawa lilizaliwa kama wingi, leo linachukua kitenzi cha umoja: "the news is". Zamani yote mawili yalipita. Shakespeare ana "these news" na ana "this news". Wewe si Shakespeare, na mhariri wako atakukata.

Kuna mengine ambayo sina subira nayo. "Family" eti ni "Father And Mother, I Love You". Hii inakuja kwenye magrupu ya WhatsApp Jumapili asubuhi, imezungushiwa maua ya waridi. Asili yake ni "familia" ya Kilatini, inayotokana na "famulus", yaani mtumishi. Kwa Warumi familia ilikuwa watu wote walio chini ya mkuu wa nyumba, watumwa wakiwemo. Waridi hazikuwemo.

"Tip", ile bakshishi ya mhudumu, nayo wanaifumua kuwa "To Insure Promptness". Kwanza, kuhakikisha ni "ensure"; "insure" ni habari za bima. Pili, lilikuwa neno la mitaani la wezi wa Uingereza, maana yake kumpa mtu kitu.

Wanaosema "salary" ni mshahara wa chumvi waliolipwa askari wa Kirumi nawapa nusu maksi. "Salarium" ya Kilatini kweli ina undugu na "sal", chumvi. Ila askari wa Kirumi aliyepanga foleni mwisho wa mwezi apimiwe chumvi kwenye kibaba, huyo hakuna maandishi ya zama zake yanayomtaja.