Mkimbiza mpira husajiliwa kwa lipi, na hupangwa kwa lipi?

Mama mmoja mzaliwa wa Tanga, ambaye mwanawe yumo katika kundi langu la wakimbiza mpira kwenye shule ya sekondari hapa Ohio, alinisubiri nje ya chumba cha kubadilishia nguo akiwa na simu mkononi. Kwenye skrini palikuwa na jina la mwanawe na nyota tatu. "Mwalimu," aliniuliza, "hizi nyota tatu ni za nini, na mbona mtoto wa jirani anazo nne ilhali hamshindi huyu wangu kwa mbio?" Baridi ilikuwa kali, nikamjibu kwa ufupi na kumwahidi maelezo kamili. Ninayaandika hapa kwa sababu wazazi wengi kutoka Afrika Mashariki wenye watoto katika futiboli ya Kimarekani huniuliza swali hilohilo, nao huletewa ofa za vyuo kabla hawajaelewa kazi yenyewe ambayo mtoto anaitiwa.

Kwa aliyekulia kwenye soka, nafasi hii inahitaji maelezo kidogo. Timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, na inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani zaidi kidogo ya mita tisa; ikifaulu hupewa majaribio mengine manne, isipofaulu mpira huwa wa wapinzani. Kotabeki ndiye anayeupokea mpira na kuamua uende wapi. Mkimbiza mpira husimama kando yake au nyuma yake, na kazi zake ni tatu: kupokezwa mpira mkononi na kupenya nao, kutoka na kudaka pasi, au kubaki palepale na kumkinga kotabeki dhidi ya mlinzi aliyepita. Video ambazo wazazi hunitumia huonyesha kazi ya kwanza tu. Katika mechi nyingi za chuo mkimbiza mpira huwa uwanjani bila mpira mara nyingi kuliko anavyokuwa nao, na hapo ndipo makocha huamua nani aendelee kucheza na nani aketi benchi.

Nyota hutolewa na kampuni za habari za usajili kama vile 247Sports na Rivals, ambazo hutazama video, huhudhuria kambi za mazoezi na kufuatilia ni vyuo gani vimempa kijana ofa. Nyota tano ni za wachache sana nchini kote. Tatu ni za kijana ambaye wengi wanaamini ataweza kucheza katika chuo cha daraja la juu. Vyuo havitoi ufadhili kwa kuhesabu nyota, lakini nyota huvuta macho, na macho huvuta ofa, kisha ofa nazo huongeza nyota. Mzunguko huo humfaa kijana wa Texas au Florida, ambako maskauti wamejaa kila Ijumaa usiku, kuliko kijana wa shule ndogo isiyofikiwa na mtu.

Kuhusu kasi nina neno moja. Muda wa mbio za yadi 40 uliopimwa na mjomba kwa saa ya mkononi haunishughulishi hata kidogo. Kijana akiniletea matokeo yake ya mita 100 au 200 kutoka mashindano ya riadha ya shule, yaliyopimwa kwa mtambo, ninayasoma kwa makini, kisha ninarudi kwenye video kuangalia yadi kumi za kwanza, kwa kuwa upenyo kati ya wanaume wawili wa kilo 140 hufunguka kwa nukta moja na kufungika. Huangalia pia magoti na nyonga anapobadilisha mwelekeo: je, analazimika kusimama ili ageuke, au anageuka huku akienda?

Nafasi zenyewe ni chache. Hadi msimu wa 2024, chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa kuwafadhili wachezaji 85 wa futiboli. Usuluhishi wa kesi ya House, ambamo wanamichezo walikishtaki chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kuhusu malipo, ulipoidhinishwa na mahakama mwezi Juni 2025, vyuo vilivyoyakubali masharti yake viliondolewa kikomo hicho cha ufadhili na kuwekewa kikomo cha kikosi kizima, wachezaji 105. Hata hivyo, kwa kuwa kwa kawaida mkimbiza mpira mmoja tu ndiye huwa uwanjani kwa wakati mmoja, chuo husajili mmoja au wawili kwa mwaka kutoka sekondari. Dirisha la kutia saini la mwezi Desemba, lililoanza mwaka 2017, limewafanya makocha wafanye uamuzi mapema, na kijana anayechanua Oktoba ya mwaka wake wa mwisho mara nyingi hukuta viti vimekwisha kukaliwa.

Kwamba rekodi ya sekondari haimhakikishii mtu nafasi, mfano mzuri ni mkimbiza mpira Derrick Henry. Akiwa sekondari ya Yulee, Florida, alikimbia jumla ya yadi 12,124, akaivunja rekodi ya taifa ya Ken Hall iliyokuwa imedumu tangu miaka ya 1950. Alipofika chuo cha Alabama mwaka 2013 alibeba mpira mara 35 tu katika msimu mzima, kwani mbele yake alikuwako T.J. Yeldon. Miaka miwili baadaye alibeba mara 395, akakimbia yadi 2,219 na kutwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa mwaka vyuoni. Barry Sanders naye alikaa misimu miwili nyuma ya Thurman Thomas katika chuo cha Oklahoma State, na katika kipindi hicho alijipatia dakika kwa kurudisha mipira inayopigwa kuanzisha mchezo. Mwaka 1988, zamu yake ilipofika, alikimbia yadi 2,628, rekodi ambayo hadi leo ingali yake. Ashton Jeanty wa Boise State, kijana aliyetoka sekondari ya Frisco, Texas, akiwa na nyota tatu kama za mtoto wa yule mama, aliikaribia mwaka 2024 kwa yadi 2,601. Wanaobishana kuhusu wawili hao wakumbuke kwamba Jeanty alicheza mechi 14, na kwamba yadi za Sanders ni za mechi 11, kwa kuwa mechi ya bakuli (bowl), ile maalumu ya mwisho wa msimu, haikuhesabiwa katika takwimu za enzi hizo.

Jeanty anafundisha jambo jingine ambalo halisemwi sana. Mwaka 2023 alidaka pasi 43 kwa yadi 569; mwaka uliofuata, ule wa sifa zote, alidaka 23 kwa yadi 138. Mikono yake ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mgawanyo wa kazi: safari hii alikabidhiwa mpira mara 374 kutoka mkononi mwa kotabeki, na timu ilijengwa juu ya hilo. Kwa hiyo mzazi anapoambiwa kwamba chuo fulani "humtumia sana mkimbiza mpira", inampasa aulize: humtumia vipi?

Jibu hutegemea mbinu ya kukimbia ambayo chuo kimeichagua. Katika mbinu ya zoni, wachezaji watano wa safu ya mbele husogea pamoja upande mmoja, bega kwa bega, kama watu wanaosukuma kabati zito, na kila mmoja humchukua mpinzani atakayemkuta katika eneo lake. Upenyo haujapangwa kabla. Mkimbiza mpira hupiga hatua mbili tatu kwa subira huku akimsoma mlinzi mmoja mkubwa wa mbele: akielemea nje, kijana hukata ndani, akibanwa ndani, hupita nje. Hukata mara moja tu, na baada ya hapo haruhusiwi kurudi nyuma kutafuta njia nyingine. Katika mbinu ya pili, upenyo umekwisha kuchaguliwa. Gadi mmoja, yaani mchezaji wa safu ya mbele anayesimama kando ya yule wa katikati, huacha mahali pake, huzunguka nyuma ya wenzake na kuingia upande wa pili kama tingatinga, naye mkimbiza mpira humfuata mgongoni. Zoni humtaka mwenye macho na subira, na hii nyingine humtaka anayeziamini nyayo za mwenzake na asiyeogopa kugongwa. Vyuo vingi huchanganya zote mbili, lakini kila kocha ana ile anayoikimbilia mambo yakiwa magumu, na hiyo ndiyo unayopaswa kuijua. Vyuo vya kijeshi kama Army na Navy viko mbali zaidi: humo mfumo wa opsheni, ambao kotabeki huamua papo hapo akimbie na mpira mwenyewe au ampe mwenzake, humfanya mchezaji wa nyuma amkinge mwenzake kutwa nzima, huku pasi akizidaka kwa nadra.

Hata mistari ya uwanja ina neno lake. Kila jaribio huanzia mahali fulani kati ya safu mbili za alama zilizochorwa kuelekea urefu wa uwanja. Vyuoni safu hizo zimeachana futi 40, wakati kwenye ligi ya kulipwa, NFL, zimeachana futi 18 na nusu. Mpira ukikomea karibu na alama ya kushoto, upande wa kulia wa uwanja wa chuo hubaki mpana mno, na kijana mwenye kasi ya kuzunguka nje hupewa shamba zima la kukimbilia. Ndiyo maana wapo waliong'ara chuoni kwa kuzunguka pembeni, kisha wakafika NFL wakakuta shamba limepunguzwa.

Sasa kuhusu kukinga, ambako ndiko vijana wengi hukwama. Nitaeleza tukio moja la msimu huu. Ni jaribio la tatu, zimebaki yadi nane, hivyo kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja. Kijana wangu amesimama kushoto kwa kotabeki. Lainibeka wawili wa wapinzani, walinzi ambao kwa kawaida husimama nyuma ya safu yao ya mbele, wamesogea hadi mstarini, mmoja kati ya gadi na senta, yule wa katikati anayeutoa mpira, mwingine nje kabisa. Kanuni ni kuangalia ndani kwanza, kisha nje, kwa sababu anayepita ndani ndiye mwenye njia fupi ya kumfikia kotabeki. Wa nje huchelewa kidogo, na huenda mpira ukawa umekwisha kuondoka. Kijana alimtazama wa nje, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akirukaruka. Wa ndani alipita bila kuguswa na kotabeki akaangushwa chali.

Jumatatu nilisimamisha video pale helmeti yake ilipogeukia nje. "Ulimwona nani?" "Wa nje, kocha." "Kwa nini?" Akafikiri, akasema kweli: "Ndiye aliyekuwa anasogea." Tulifanya zoezi hilo wiki nzima, mimi nikishika mto wa kugongea na kumjia mara ndani mara nje: nyonga chini, viganja kifuani mwa anayekuja, kichwa juu, usimvamie kwa kumrukia kwani atakukwepa. Kijana wa kilo 90 kumpokea mtu wa kilo 105 anayekuja kwa kasi yote si starehe. Mechi iliyofuata alimwona wa ndani, akampokea, pasi ikatoka. Kwenye karatasi ya takwimu hakuandikiwa chochote. Kipande hicho cha sekunde sita sasa kiko mbele kabisa katika video yake, kabla ya tachidauni zote (mara alizoufikisha mpira mwisho wa uwanja na kupata pointi), na kocha wa chuo kimoja aliyenipigia simu alianza kuulizia hicho.

Wazazi huogopa pia wanaposikia kwamba chuo kina mkimbiza mpira mwingine hodari. Mimi sioni sababu ya kukimbia. Katika Rose Bowl, mojawapo ya mechi za bakuli, ya tarehe 1 Januari 2018, Georgia waliwashinda Oklahoma 54 kwa 48 wakiwa na Sony Michel aliyekimbia yadi 181 na Nick Chubb aliyekimbia 145, na miezi michache baadaye wote wawili walichaguliwa na timu za NFL, Michel wa 31 na Chubb wa 35. Ohio State walitwaa ubingwa wa msimu wa 2024 wakiwa na Quinshon Judkins, aliyehamia kutoka chuo cha Ole Miss, na TreVeyon Henderson. Kila mmoja alivuka yadi 1,000, kisha wakachaguliwa wa 36 na wa 38. Mwili uliogawana mapigo na mwenzake hufika kwenye ligi ya kulipwa ungali na nguvu, na kwa kuwa kijana haruhusiwi kuingia NFL kabla ya kutimiza miaka mitatu tangu amalize sekondari, mapigo hayo ni ya miaka, si ya wiki.

Kuhama kwa Judkins kunanileta kwenye jambo lililoigeuza kazi yetu. Mfumo wa kuandikisha uhamisho ulianza Oktoba 2018. Tangu 2021 mchezaji ameweza kuhama mara moja bila kuketi nje msimu mzima, na tangu 2024 kikomo hicho cha mara moja nacho kimeondoka. Tangu Julai 2021 wanamichezo wanaweza kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na sasa vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia mapato, hadi dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wote wa chuo katika mwaka wa masomo 2025–26. Matokeo kwa kijana wa sekondari ni kwamba hashindani tena na wenzake wa rika pekee. Anashindana na mtu wa miaka 22 aliyekwisha kukimbia yadi elfu moja kwingine na ambaye tayari anajua kuangalia ndani kabla ya nje.

Kwa hiyo, mama, mtakapokwenda kukitembelea chuo, acheni wawaonyeshe jezi na vyumba vya kubadilishia nguo kadiri wapendavyo, kisha mwombe kocha wa wakimbiza mpira awashe skrini. Usimwombe tachidauni. Mwombe jaribio la tatu la yadi nane, kutoka mechi ngumu ya msimu uliopita, na umuulize ni nani huyo aliyesimama kando ya kotabeki, yuko mwaka wa ngapi, na alisubiri muda gani mpaka akaaminiwa kusimama hapo.