Dokta, leo hutufundishi?

Nimeulizwa tena juzi, saa nne usiku, na mwanafunzi niliyekuwa naye wodini tangu jioni. Mara ya tatu mwezi huu. Nilibaki namtazama tu.

Kwao, somo ni raundi ya bingwa asubuhi. Rezidenti kama mimi, daktari anayesomea ubingwa, ni mtu wa kufukuzia majibu ya maabara na kusaini daftari lao. Basi turudi jioni ile ile ambayo "hatukufundishana".

Maabara ilileta potasiamu ya damu ya 6.8, ya juu kiasi cha kuhatarisha moyo, ya mgonjwa tuliyempasua siku mbili kabla. Anaongea, mkojo unatoka, figo hazina shida. Mwanafunzi akaanza kunimiminia dawa: kalsiamu, insulini, glukosi, kwa mpangilio safi wa mtihani. Sikumjibu. Nilipima umeme wa moyo kwanza, maana potasiamu ikiwa ya kweli moyo haukungoji urudie sampuli. Ulikuwa shwari. Ndipo nikamuuliza nesi damu ilitolewaje. Sindano nyembamba, mpira wa kufungia mkono umekaa muda mrefu, bomba likavutwa kwa nguvu. Chembe nyekundu zikipasuka, zinamwaga potasiamu yake kwenye sampuli, na mashine inasoma kwa uaminifu kabisa kitu ambacho mgonjwa hana. Tulirudia: 4.3, ya kawaida. Insulini ile ingemshusha sukari bure.

Dawa zenyewe zimo kitabuni, na anazijua kuliko mimi nilipokuwa mwaka wake. Kilichomponyoka ni kwamba kulikuwa na maswali mawili kabla ya dawa, na nani wa kuulizwa. Bingwa hakuwepo kumwonyesha hilo. Kesho yake aliona 4.3 kwenye faili na kupita.

Sasa, wanaiga na makosa yetu pia, na hapo sina raha. Karibu mwaka mzima niliwafundisha wasimpe mgonjwa chakula baada ya upasuaji mpaka wasikie sauti za tumbo. Nilirithi kwa rezidenti wangu, sikuwahi kuhoji, kumbe wagonjwa wengi hulishwa mapema bila kungoja hizo sauti. Wale wanafunzi wametawanyika, nami siwezi kuwafuata.

Yule wa juzi nilimtuma kitanda cha saba akatoe damu. Akatafuta mshipa mnene, akalegeza mpira mapema, akaiacha damu iingie taratibu. Sijui alikuwa anamwiga nani.