Ukungu wa Macho Katika Wiki za Kwanza za Insulini

Wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza hunijia kwenye wiki ya pili hivi tangu waanze insulini, na malalamiko yao hufanana: kiu imekwisha, uzito unarudi, lakini maandishi ya simu hayasomeki. Wengi hudhani kwamba dawa inawapofusha, na wapo waliokwisha kupunguza dozi kimyakimya kabla ya kufika kwangu, jambo lenye hatari kubwa kuliko ukungu wenyewe, kwa kuwa mwili usiotengeneza insulini ukikosa na ile ya sindano, damu hujaa upesi asidi ya ketoni, ile inayotoka mwili unapochoma mafuta badala ya sukari.

Kilichobadilika ni lenzi ya jicho, wala si retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Lenzi haina mishipa ya damu, hivyo hupata glukosi, yaani sukari, kutoka katika majimaji yanayoizunguka, na sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, sehemu ya glukosi hiyo hugeuzwa kuwa sobitoli, kemikali ya jamii ya sukari ambayo hutoka kwenye seli kwa shida. Insulini inaposhusha sukari ya damu kwa haraka, sobitoli husalia ndani ikivuta maji. Lenzi huvimba, uwezo wake wa kupinda mwanga hupungua, na vya karibu hufifia kuliko vya mbali. Aliyekuwa haoni mbali kabla ya kugunduliwa hushangaa zaidi, maana tatizo lake limegeuka kinyume.

Kwa kawaida hali hii huanza siku chache baada ya tiba kuanza, hufikia kilele katika wiki 1 au 2, kisha hupungua hadi kwisha ndani ya wiki 4 hadi 8. Kwa hiyo huwa nakataa kuagiza miwani mipya mapema, hata mgonjwa akisisitiza, kwa sababu kipimo cha leo hakitamfaa mwezi ujao. Miwani ya kusomea ya kawaida, ya nguvu kati ya +1 na +2, humvusha. Kinachonitia wasiwasi ni mistari midogo ya bomba la sindano: atumie kioo cha kukuzia, au mwenye macho mazuri amhakikie kila dozi. Kuendesha gari kusubiri.

Jicho moja tu likififia, au pakitokea maumivu, vimulimuli, vidoa vyeusi vinavyoelea au kivuli kama pazia, hilo si suala la lenzi kuvimba, na mgonjwa aonwe siku hiyohiyo.