Saa ya mishale mitatu na kona ya ndani

Watu wanaonijia kutaka ushauri juu ya saa za thamani kubwa huanza kwa kuuliza saa fulani ina uwezo gani: je, inaonyesha mwezi, inagonga, ina kalenda isiyohitaji kurekebishwa? Mimi huwaomba waanze na ile isiyofanya lolote zaidi ya kuonyesha saa, dakika na sekunde, kwa sababu katika saa ya namna hiyo fundi hana pa kujificha. Mfano bora ninaoujua ni Simplicity, saa ambayo Philippe Dufour aliitoa mwaka 2000 katika karakana yake iliyomo ndani ya jengo la shule ya zamani, kijijini Le Solliat, kwenye bonde la Vallée de Joux nchini Uswisi. Huyu si mtu aliyeshindwa na makubwa. Mwaka 1992 alikwisha kuonyesha saa ya mkono inayojigongea saa na robo saa, na mwaka 1996 akatoa Duality, yenye magurudumu mawili ya mizani, yale yanayopima mwendo wa saa, ndani ya mwili mmoja. Baada ya hayo ndipo alipochagua mishale mitatu.

Ili kuona kwa nini uchaguzi huo ni mzito, inafaa kufuata njia ya nguvu ndani ya mashine. Mwenye saa anapoitia ufunguo, utepe mrefu wa chuma hujiviringa ndani ya kikasha cha duara, na kwa kuwa utepe huo hutaka kurudia umbo lake, husukuma msururu wa magurudumu ya meno ambayo kila moja huzunguka upesi kuliko lililolitangulia na kwa nguvu iliyopungua. Gurudumu la katikati huzunguka mara moja kwa saa, la sekunde mara moja kwa dakika, na la mwisho, ambalo kwa kawaida huwa na meno 15, huzunguka mara 10 kwa dakika katika saa yenye mapigo 18,000 kwa saa kama hii. Pasipokuwa na kizuizi mbele ya gurudumu hilo la mwisho, utepe ungejikunjua wote kwa muda mfupi sana na saa isingepima chochote.

Kizuizi hicho ni uma mdogo wa chuma uliopachikwa vipande viwili vya yakuti, na msingi wa utaratibu wake uliwekwa na Mwingereza Thomas Mudge katikati ya karne ya 18. Juu yake huning'inia gurudumu la mizani, linalozunguka nusu zamu na zaidi upande mmoja, likarudi, likaenda upande wa pili. Kila linapopita katikati huugusa uma, uma huachia jino moja, na jino hilo linapoteleza juu ya yakuti hurudisha msukumo mdogo unaolifanya gurudumu lisichoke. Ni kama mtu anayesukuma bembea: huigusa inapompitia, kisha huiacha iende yenyewe. Kadiri gurudumu la mizani linavyoachwa huru kwa sehemu kubwa zaidi ya safari yake, ndivyo linavyoshika wakati vizuri zaidi, na kwa maoni yangu hakuna wazo lililo zuri kuliko hilo katika fani yetu yote.

Kinacholirudisha gurudumu hilo ni springi nyembamba mno iliyojikunja mviringo, ambayo hapa nitaiita unywele. Christiaan Huygens aliitangaza mwaka 1675, na kabla yake saa ya mfukoni ilikuwa kitu cha kukisia tu. Hata hivyo unywele una tabia mbili mbaya. Ya kwanza ni kwamba ukiwa bapa haupanuki sawasawa pande zote, na hivyo pigo refu na pigo fupi havichukui muda ule ule. Abraham-Louis Breguet alilitibu hilo mwaka 1795 kwa kuuinua mzunguko wa nje na kuukunja kuelekea katikati, kazi ambayo hadi leo hufanywa kwa vibanio viwili na jicho lililozoea. Tabia ya pili ni joto, kwa kuwa chuma cha kawaida hulegea kinapopata moto na saa ikachelewa. Dawa yake ilipatikana kwa Charles Édouard Guillaume, mzaliwa wa Fleurier katika milima hiyo hiyo ya Jura, aliyechanganya chuma na nikeli hadi akapata madini yasiyobadilika sana kwa joto, na akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920.

Sasa tazama hesabu. Saa yenye mapigo 18,000 hupiga mara 432,000 kwa siku, na sekunde 5 za makosa ni mapigo 25 tu kati ya hayo. Maabara rasmi ya Uswisi inayotoa cheti cha kronomita, yaani saa iliyothibitishwa kushika wakati vizuri, huruhusu wastani wa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Saa ya betri ya bei ndogo, ambayo jiwe lake la kwatzi hutetema mara 32,768 kwa sekunde, huishinda saa ya namna hiyo kwa urahisi, na tangu Seiko walipoleta sokoni saa ya mkono ya kwatzi Desemba 1969 hakuna anayehitaji saa ya ufunguo ili awahi basi. Anayenunua saa ya namna hii ananunua kazi ya mkono wa binadamu, na haki yake ni kujua mkono huo ulifika wapi.

Ndiyo maana sielekezi fedha za mtu kwenye tourbillon. Breguet alipata hataza yake Juni 26, 1801, na nia yake ilikuwa njema: saa ya mfukoni hukaa wima kutwa, kwa hiyo aliuweka uma pamoja na gurudumu la mizani ndani ya kizimba kinachozunguka ili makosa ya uzito yafutane. Mkono wa mtu, lakini, hugeuka kila dakika. Ninakiheshimu kizimba kile kama kazi ngumu ya fundi. Sikihesabu kuwa sababu ya saa ya mkono kushika wakati.

Mahali pa kutazama ni kingo. Kila daraja, yaani bamba linaloshika magurudumu, huwa na ukingo uliochongwa mshazari, aghalabu kwa nyuzi 45, kisha ukang'arishwa. Sehemu iliyonyooka mashine huiweza. Pinde za nje mashine huziweza. Lakini pale kingo mbili zinapokutana kwa ndani, kichwa cha mashine, kwa kuwa chenyewe ni cha duara, huacha mviringo, na ili kona iwe kali lazima fundi aingie kwa tupa nyembamba, afuate kwa jiwe laini, amalizie kwa unga wa almasi uliopakwa kwenye kijiti cha mmea wa gentiana, ambao mafundi wa Jura huuokota milimani na kuukausha. Mkono ukiteleza mara moja mstari wa kona hupotea, na aghalabu kipande hakiokoki. Dufour aliziweka kona hizo wazi kabisa upande wa nyuma wa Simplicity, na saa takriban 200 zilizotoka katika karakana ile zilimchukua miaka mingi. Novemba 2020 moja ya toleo la kuadhimisha miaka 20 iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 1.3.

Mng'ao wenyewe una faida ya kimashine, ingawa watu husahau. Ncha za mihimili husuguliwa kwa chuma kigumu hadi uso wake ukazwe, ili msuguano ndani ya tundu la yakuti upungue na mafuta yadumu. Vipande vya chuma husuguliwa juu ya bamba la bati hadi viwe vyeusi kabisa ukivitazama upande mmoja na vyeupe ukivigeuza, na uso wa namna hiyo hauna vishimo vya kutunza unyevu. Sisi tunaofungua saa mwambao, penye joto na hewa ya chumvi, twajua kutu huanza pale tupa ilipoacha mikwaruzo.

Ukipata nafasi ya kuishika saa ya bei kubwa, igeuze, chukua lenzi inayokuza mara kumi, tafuta kona za ndani uzihesabu. Saa nyingi zenye majina makubwa hazina hata moja, kwa kuwa madaraja yake yamechorwa kwa pinde za duara tangu mwanzo ili mashine ipite. Kisha tazama skrubu: ufa unaoingia bisibisi uwe na kingo zilizopunguzwa makali pande zote mbili, na kama skrubu ni za buluu, rangi iwe moja kwa zote, kwa maana buluu hiyo hupatikana kwa kuchoma chuma hadi karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na ukichelewa kuiondoa motoni inakuwa kijivu, nawe unarudi kuing'arisha upya.