Siku ya bandarini kwa asiyetaka kukimbizana

Kazi yangu ni kupanga matembezi ya nchi kavu kwa abiria wa meli za kitalii, na kila nikimsikia mtu akisema anataka "siku ya kupumzika tu," humwambia afungue ramani kwanza. Ratiba ikiandika Roma, meli hufunga gati Civitavecchia, takribani kilomita 80 kutoka jijini. Ikiandika Paris, utajikuta Le Havre, na safari ya barabara ni karibu kilomita 200. Toa saa za kwenda na kurudi, toa foleni, kinachobaki ni kupiga picha na kuwahi basi. Hayo si mapumziko.

Basi baki kwenye mji wa bandari wenyewe. Watu huidharau Le Havre, kumbe kitovu chake, kilichojengwa upya na Auguste Perret baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2005, na unakizunguka kwa miguu. Livorno, bandari ya Italia ambako wengi hushuka na kutimua mbio kwenda Florence, ina mtaa mzima wa mifereji, Venezia Nuova.

Asubuhi usigombanie mlango. Walionunua matembezi ya meli hutolewa mapema, kwa hiyo maliza chai yako, ushuke foleni ikiisha. Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ni habari nyingine: meli hubaki majini, boti ndogo huwapeleka abiria chini ya jabali, na kupanda hadi Fira, mji ulio juu ya jabali, au kushuka kutoka huko ni kwa gari la kebo, kwa punda au kwa ngazi zaidi ya 500. Huko wahi kurudi, maana alasiri foleni ya kebo haina huruma.

Saa yako iwe ya mkononi, na ifuate saa ya meli. Simu hujibadilisha yenyewe ikinasa mtandao wa nchi kavu, na huenda meli haikubadilisha. Mwisho wa kupanda kwa kawaida ni nusu saa kabla ya kung'oa nanga. Nahodha hatakusubiri, na si kwa ukatili: rubani wa bandari, anayeiongoza meli kutoka, ameshaitwa, na muda uliopotea hufidiwa kwa mafuta. Kuongeza mwendo kwa asilimia 10 hudai nguvu ya injini zaidi kwa karibu theluthi. Basi la matembezi ya meli likichelewa, kwa kawaida husubiriwa. Uliyetoka kivyako utajilipia nauli hadi bandari inayofuata.

Piga picha ya namba ya wakala wa meli, anayeiwakilisha pale bandarini; iko kwenye ratiba ya siku. Ukiachwa, yeye ndiye wa kumtafuta: mara nyingi mabaharia hufungua kasha la chumbani mwako na kumwachia pasipoti yako kabla ya kuondoka.