Kihatarishi cha biashara: maana yake, na jinsi kampuni zinavyokitambua na kukisimamia

Kihatarishi cha biashara ni jambo ambalo bado halijatokea, lakini likitokea litaathiri lengo ambalo kampuni imejiwekea. Maelezo haya yana nguzo mbili, na zote mbili husahaulika kwa urahisi katika mazungumzo ya kila siku. Ya kwanza ni kutokuwa na uhakika: jambo lililokwisha kutokea si kihatarishi tena bali ni tatizo, na tatizo lina namna yake ya kushughulikiwa. Ya pili ni lengo. Mvua kubwa peke yake si kihatarishi cha biashara. Huwa kihatarishi pale ambapo kuna mtu aliyeahidi kufikisha mzigo bandarini Mombasa kabla ya Ijumaa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 31000, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 na kurekebishwa mwaka 2018, kinaieleza dhana hii kwa maneno machache sana: ni athari ya kutokuwa na uhakika juu ya malengo. Kwa hiyo kampuni isiyoweza kutaja malengo yake haiwezi kuorodhesha vihatarishi vyake, hata ikiajiri washauri kutoka pande zote za dunia.

Neno "kihatarishi" limezoeleka zaidi katika nyaraka za taasisi za Tanzania, wakati wasemaji wengi wa Kenya husema tu "hatari". Ninalipendelea la kwanza kwa sababu linatusaidia kutenganisha mambo mawili. Waya wa umeme ulioachwa wazi ni hatari. Uwezekano kwamba waya huo utawasha moto ghalani wiki moja kabla ya msimu wa mauzo, na kuifanya kampuni ishindwe kutimiza oda zake, ndio kihatarishi.

Dhana hii hueleweka vizuri zaidi ikiwekwa mahali, na mahali pazuri pa kuiweka ni shamba la maua ya waridi kando ya Ziwa Naivasha, Kenya. Ua la waridi likishakatwa, maisha yake huanza kuhesabiwa kwa siku. Lazima liingie chumba cha baridi, lifungwe, lipakiwe kwenye lori lenye jokofu, lisafirishwe hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, lipande ndege, lipite forodha na ukaguzi wa wadudu Ulaya, kisha lifike kwenye mnada Uholanzi au kwenye maduka ya Uingereza likiwa bado halijafunguka. Lengo la shamba tuseme ni hili: kuuza waridi hizo zikiwa mbichi, kwa bei inayotosha kulipa mishahara na marejesho ya mkopo wa benki.

Njia ya kwanza ya kutambua vihatarishi vya shamba kama hilo ni kuufuata mzigo wenyewe, hatua kwa hatua, na katika kila hatua kuuliza ni kitu gani kinaweza kuukwamisha, kuuharibu au kuupunguzia bei. Swali hilo lisiulizwe mameneja peke yao. Fundi wa jenereta anajua kwamba betri ya kuwashia ilishindwa kufanya kazi mara mbili mwezi uliopita, na kwamba kila mara aliiazima ya trekta. Dereva anajua ni sehemu gani ya barabara hufunga magari mvua ikinyesha. Msimamizi wa upakiaji anajua kwamba Februari, wiki moja kabla ya Siku ya Wapendanao, chumba cha baridi hujaa kiasi kwamba makasha hupangwa nje kivulini kwa saa kadhaa. Taarifa kama hizi haziingii katika ripoti ya mwezi kwa sababu hakuna hasara iliyotokea, na ndiyo maana zina thamani kubwa: zinaonyesha kitu kinachokaribia kutokea wakati bado kuna muda wa kukizuia.

Njia ya pili ni kuangalia historia, ya kampuni na ya sekta nzima. Wakulima wa maua wa Naivasha wana historia ya kutosha. Mwishoni mwa Januari 2008, vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilifika mjini humo katika majuma ambayo oda za Februari ndizo kubwa kuliko zote. Mwaka 2009 ukame uliteremsha maji ya ziwa hadi kiwango cha kutisha. Mwaka 2020 ziwa hilohilo lilifurika na kuingia mashambani. Aprili 2010, volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland ilimwaga majivu angani, anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ikafungwa kwa siku takriban sita, na maua yaliyokwisha kukatwa Naivasha yakatupwa, huku vibarua wakiambiwa wabaki nyumbani. Mlima ulio maelfu ya kilomita mbali ulimkosesha ujira mtu ambaye huenda hakuwahi kulisikia jina lake.

Kisha kuna vihatarishi vinavyotoka katika sheria na siasa. Tarehe 1 Oktoba 2014, kwa kuwa mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa haujakamilishwa kufikia tarehe iliyowekwa, maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru yanapoingia Ulaya, hali iliyodumu hadi Desemba. Mashamba ya maua ya upande wa Arusha hayakuguswa, kwa sababu Tanzania ilihesabiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, ambazo bidhaa zake ziliendelea kuingia Ulaya bila ushuru. Tukio moja, bidhaa ileile, mpaka mmoja katikati: upande mmoja lilikuwa kihatarishi, upande wa pili lilikuwa nafuu.

Thamani ya fedha nayo ina tabia hiyo ya kuwa na pande mbili. Januari 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa ikinunuliwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Mwananchi wa kawaida alishukuru shilingi kupata nguvu. Shamba linalolipwa kwa fedha za kigeni na kulipa mishahara kwa shilingi lilijikuta, kwa maua yaleyale na bei ileile ya Ulaya, likipokea shilingi chache zaidi. Aliyezoea kufikiri kwamba kihatarishi ni habari mbaya tu asingeliona hilo likija.

Baada ya kutambua, kinachofuata ni kuandika, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Katika rejista nyingi za vihatarishi, yaani orodha ambamo kampuni huandika vihatarishi vyake, utakuta neno moja tu: "Umeme", au "Ushindani". Hivyo si vihatarishi, ni vichwa vya habari. Kihatarishi kilichoandikwa vizuri hutaja chanzo, tukio na athari katika sentensi moja: "Kwa kuwa betri ya jenereta imechakaa, umeme wa gridi ukikatika usiku chumba cha baridi kinaweza kukosa nguvu kwa zaidi ya saa mbili, jambo litakaloharibu mavuno ya siku nzima na kutufanya tukose oda ya asubuhi." Sentensi hiyo tayari inaonyesha pa kushika: betri, saa mbili, usiku.

Upimaji hufanywa kwa kuuliza maswali mawili: uwezekano wa jambo kutokea ni mkubwa kiasi gani, na likitokea athari yake ni kubwa kiasi gani. Kampuni nyingi hutoa alama kuanzia 1 hadi 5 kwa kila swali, huzidisha, na kupaka matokeo rangi ya kijani, njano au nyekundu. Alama hutolewa mara mbili: kwanza kana kwamba hakuna udhibiti wowote, yaani hatua yoyote ya kukizuia au kukipunguza kihatarishi, na tena baada ya kuhesabu udhibiti uliopo, ili ionekane ni kiasi gani cha kihatarishi kinachobaki baada ya juhudi zote. Njia hii ina manufaa, hasa ya kuwafanya watu wa idara tofauti wabishane kwa lugha moja. Hata hivyo, ningeonya dhidi ya kuiamini kupita kiasi. Jambo lenye uwezekano wa 5 na athari ya 1 hupata alama 5, sawasawa na jambo lenye uwezekano wa 1 na athari ya 5. Lakini la kwanza ni kero ya kila wiki, na la pili linaweza kufunga kampuni. Kuyaweka mawili hayo katika mstari mmoja kwa sababu tu jibu la kuzidisha ni sawa ni kosa, na bodi ya wakurugenzi inayosoma rangi peke yake hulifanya bila kujua.

Kihatarishi kikishapimwa, kampuni ina njia nne za kukijibu: kukiepuka, kukipunguza, kukihamisha au kukikubali. Kukiepuka ni kuacha kabisa shughuli inayokileta, kwa mfano kukataa mnunuzi mmoja anayetaka kuchukua mavuno yote na kulipa baada ya siku 120. Kukikubali ni kuamua kwa kujua, na kuandika, kwamba gharama ya kuzuia inazidi hasara inayotarajiwa. Ni uamuzi halali, mradi uwe uamuzi na si kusahau.

Kuhamisha kwa kawaida humaanisha bima, au mkataba unaompa mwingine mzigo wa hasara. Hapa lazima tuseme wazi kwamba bima hulipa fedha tu, tena kwa masharti yaliyoandikwa katika mkataba. Hairudishi mnunuzi aliyehamia shamba lingine kwa sababu ulimwangusha wiki ya Februari. Katika siku zile za majivu ya Iceland, wauzaji ambao maua yao yalikuwa mazima lakini hayana ndege walipaswa kusoma mikataba yao upya, kwa kuwa kuchelewa na kuharibika si kitu kimoja mbele ya kampuni ya bima.

Kupunguza ndiyo njia inayotumika zaidi, na ndiyo yenye mitego mingi. Sekta ya maua ya Kenya ilikuwa ikitegemea ndege karibu kabisa, na gharama ya usafiri wa anga ni kubwa. Kwa miaka kadhaa sasa baadhi ya mashamba yamekuwa yakipeleka sehemu ya maua kwa meli kutoka Mombasa, katika makontena yenye jokofu, kwa safari ya takriban mwezi mmoja. Hatua hiyo inapunguza utegemezi wa ndege na kushusha gharama. Kisha, kuanzia Novemba 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha kampuni nyingi za meli kuacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na ua ambalo maisha yake yamehesabiwa likaongezewa siku ambazo halina. Haimaanishi kwamba uamuzi wa kutumia meli ulikuwa mbaya. Inamaanisha kwamba kila udhibiti huja na kihatarishi chake, nacho pia kinapaswa kuingia kwenye rejista siku ileile udhibiti unapopitishwa.

Si vihatarishi vyote vinavyotoka nje. Benki ya Barings ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1762, iliangushwa mwaka 1995 na hasara ya pauni milioni 827 iliyosababishwa na mfanyakazi wake mmoja huko Singapore, Nick Leeson, aliyeficha hasara katika akaunti namba 88888. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alikuwa anaifanyia benki biashara kwenye masoko ya fedha na wakati huohuo anasimamia ofisi inayohakiki biashara hiyo. Ukaguzi wa ndani wa mwaka 1994 ulikuwa umekwisha kueleza kwamba mamlaka hayo mawili hayapaswi kuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kihatarishi kilikuwa kimetambuliwa na kuandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kukishughulikia. Benki hiyo ikanunuliwa na ING, kampuni ya fedha ya Uholanzi, kwa pauni moja.

Ndiyo sababu safu ninayoitazama kwanza katika rejista yoyote ni ile ya mmiliki wa kihatarishi. Niliwahi kupewa rejista ya kampuni moja ya usafirishaji, iliyochapwa vizuri na kusainiwa, ambamo mbele ya kihatarishi cha ajali za magari, kwenye safu ya mmiliki, paliandikwa "Idara zote". Niliuliza idara tatu. Kila moja ilijibu kwa heshima kwamba jambo hilo liko idara nyingine, na hakuna aliyeweza kuniambia ni lini breki za malori zilikaguliwa mara ya mwisho. Mmiliki anapaswa kuwa mtu mmoja mwenye cheo kinachojulikana, mwenye mamlaka na bajeti ya kuchukua hatua, na mwenye tarehe ya kutoa taarifa. Meneja wa vihatarishi, pale alipo, huratibu na kuhoji. Wakaguzi wa ndani huthibitisha kwamba udhibiti unafanya kazi kweli. Bodi ndiyo inayoamua kampuni iko tayari kubeba kiasi gani cha kihatarishi ili kufikia malengo yake. Hakuna kati ya hao anayeweza kubadilisha betri ya jenereta kwa niaba ya meneja wa shamba.

Mmiliki naye anahitaji kiashiria cha mapema, yaani kipimo kinachoonya kabla hasara haijaingia. Kwa chumba cha baridi kiashiria hicho ni joto. Waridi huhifadhiwa katika nyuzi joto za Selsiasi chache tu juu ya sifuri, kwa hiyo shamba linaweza kuamua kwamba kipimo kikifika nyuzi 6 mlinzi wa zamu ampigie fundi simu, na kikifika 8 ampigie meneja mwenyewe, hata iwe saa tisa za usiku. Namba zote mbili za simu ziwe zimebandikwa ukutani kando ya kipimajoto, na siku fundi anapoacha kazi, karatasi hiyo ibadilishwe kabla hajatoka getini.