Makaburi Yaliyolipia Roketi

Wasomaji kadhaa wameniuliza mwezi huu waanze na katuni ipi ya zamani, kwa kuwa Halloween iko mlangoni na wanataka kitu cha kutisha. Jibu langu huwaudhi kidogo. Chukueni Tales from the Crypt, sawa, lakini msiifungue kabla ya kupata Weird Fantasy ya mwaka huohuo mkaiweka kando yake. Moja ni ya makaburi, nyingine ni ya roketi. Zilitoka ofisi moja, kwa kalamu ileile, na fedha za ile ya kwanza ndizo zilizoiweka hai ile ya pili.

Ofisi yenyewe ilikuwa New York, mtaa wa Lafayette, kampuni ya EC. Max Gaines, mmoja wa watu walioanzisha biashara ya vitabu vya katuni Marekani, aliifungua katikati ya miaka ya 1940 ili achapishe katuni za kuelimisha: Biblia, historia, sayansi. Mwaka 1947 akafa katika ajali ya boti, na kampuni yenye madeni ikamwangukia mwanawe William, kijana aliyekuwa akisomea ualimu wa kemia na asiyependa katuni hata kidogo. Mwaka uliofuata akaja mchoraji mmoja, Al Feldstein, kutafuta kazi. Wawili hao walianza kwa kufuata mkumbo kama wachapishaji wengine. Soko likitaka wachunga ng'ombe, wanatoa wachunga ng'ombe. Likitaka mapenzi, wanatoa mapenzi. Mwaka 1950 wakachoka kufuata. Wakaamua kuchapisha kitu walichokipenda wao wenyewe, yaani hadithi za kutisha za redioni walizozisikiliza utotoni, pamoja na bunilizi za kisayansi ambazo William Gaines alizisoma usiku kucha.

Usiku kucha si maneno ya kupamba. Gaines alikuwa akimeza vidonge vya kupunguza unene, vikamnyima usingizi, naye mikesha yake akaimalizia kwenye hadithi fupi. Asubuhi anafika kazini na vipande vya karatasi vyenye mbegu za visa. Anamsomea Feldstein kimoja, Feldstein anakataa. Cha pili, anakataa. Mpaka kimoja kinanasa. Basi Feldstein anaketi na kuiandika hadithi moja kwa moja kwenye kadibodi ileile ambayo mchoraji ataichorea. Hakuna muswada. Karibu kila siku ya kazi ilitoa hadithi nzima kwa mtindo huo, leo ya kutisha, kesho ya kisayansi.

Kisha kadibodi inapelekwa kuandikwa herufi kwa kifaa cha wachora ramani za uhandisi, ndiyo maana maneno ya EC yamenyooka na kukauka kama maelezo ya mashine. Mchoraji anapokabidhiwa kazi, fremu zimeshapigwa mistari, viputo vya maneno vimeshakaa, na mara nyingi nusu ya nafasi imekwisha kuliwa. Msomaji wa leo hulalamika kwamba maneno ni mengi mno, na ana haki. Lakini angalia wachoraji walivyojibu. Wally Wood aliponyimwa upana, alichimba kina: ndani ya chombo cha anga cha Wood kuna mabomba, saa, nyaya, swichi na vivuli, kiasi kwamba fremu moja ukiipita haraka umeidhulumu. Graham Ingels naye, aliyetia sahihi kazi zake kwa jina "Ghastly", aliyayeyusha mambo. Nyuso zake zinachuruzika mate na nyama zinaning'inia, hata kuta za nyumba zinaonekana kama zinaoza. Alikuja kuacha katuni kabisa, akaenda Florida kufundisha uchoraji.

Visa vya kutisha vya EC, ukivisoma kwa mfululizo, vina mifupa mileile. Mtu anamdhulumu mwenzake, tena kwa hesabu na kwa tamaa, aliyedhulumiwa anakufa, kisha anatoka kaburini na kulipa kwa njia ileile aliyotendewa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, kurasa saba au nane, basi. Anayesimulia ni kizee cha makaburini kinachocheka na kumtania msomaji, kinamkaribisha mwanzo na kumsindikiza mwisho. Kwa aliyelelewa na paukwa-pakawa hilo halina ugeni: fanani yuko pale, hadhira inajibu, na jambo la kuogofya linabebwa na mzaha. Ila kwa kweli, hadithi kumi za namna hiyo kwa mkupuo mmoja zinachosha. Ya kumi na moja utaikisia mwisho wake kwenye ukurasa wa pili.

Ndipo ile ya kando inapohitajika. Weird Science na Weird Fantasy zilitumia mtego uleule wa fremu ya mwisho, lakini anayeingia kisimani si mume mwenye tamaa. Ni binadamu kwa jumla, na kiburi chake, mabomu yake na ubaguzi wake. Hazikuuzwa vizuri. Gaines alijivunia hizo kuliko zote, na faida ya mizuka ndiyo iliyofidia hasara yake, mpaka mwaka 1954 akalazimika kuziunganisha kuwa jarida moja.

Kuna kisa cha pembeni ninachokipenda. Mwaka 1952 EC ilichukua hadithi mbili za Ray Bradbury, ikazishona kuwa moja, bila ruhusa. Bradbury hakwenda mahakamani. Aliandika barua ya adabu kwamba bila shaka wamesahau tu kumtumia malipo yake, akataja dola 50. Wakalipa haraka, na kuanzia hapo wakawa wanachora hadithi zake kwa makubaliano, jina lake likitajwa waziwazi. Baadhi ya kurasa bora za kampuni hiyo zimetokana na barua ile.

Hadithi ninayompa kila mgeni inaitwa "Judgment Day", Weird Fantasy namba 18, mwaka 1953, imechorwa na Joe Orlando. Mwanaanga kutoka Dunia anatua kwenye sayari ya roboti kukagua kama wamestahili kuingia katika umoja wa sayari. Roboti wa rangi ya machungwa wanamtembeza kwa fahari. Anataka kuona na upande wa roboti wa buluu: wako mtaa wao, usafiri wao ni wa nyuma, kazi zao ni duni, ingawa vyuma vya ndani ni vilevile na kilichotofautiana ni ganda tu. Mkaguzi anawaambia bado hawajafika. Anarudi chomboni, anavua kofia yake ya anga, na fremu ya mwisho inatuonyesha kwa mara ya kwanza kwamba ni mtu mweusi, jasho likimetameta usoni. Kumbuka ni 1953, shule za Marekani zimetenganishwa kisheria kwa rangi katika majimbo mengi, na kitabu kinauzwa senti kumi kwa watoto.

Aprili 1954 mambo yakaharibika. Daktari wa akili Fredric Wertham alikuwa ametoa kitabu akidai katuni zinawatia watoto uhalifu, na kamati ndogo ya Seneti ikakaa New York kusikiliza. Gaines alijitolea kutoa ushahidi, jambo ambalo wengi wanaona lilimmaliza. Seneta Kefauver aliinua jalada la katuni ya EC lenye mtu mwenye shoka mkono mmoja na kichwa cha mwanamke mkono wa pili, akauliza kama hiyo ni ladha nzuri. Gaines akajibu kwamba kwa jalada la katuni ya kutisha, ndiyo. Ingekuwa mbaya kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi damu ionekane ikitiririka. Magazeti ya kesho yake hayakuhitaji zaidi ya hapo.

Wertham simpendi, lakini sikubali achorwe kama zimwi. Alifungua kliniki Harlem kwa watu weusi ambao hospitali nyingine ziliwapuuza, na utafiti wake kuhusu madhara ya kutenganisha shule ulitumiwa katika kesi zilizouvunja utaratibu huo. Katika suala la rangi, yeye na EC walikuwa upande mmoja bila kujuana. Tatizo ni ushahidi wake kuhusu katuni: mtafiti Carol Tilley alipopekua makaratasi yake miaka mingi baadaye, alikuta maneno ya watoto yamebadilishwa na kuunganishwa ili yaseme anachotaka daktari.

Wachapishaji waliogopa sheria ya serikali, wakajitungia kanuni zao wenyewe Oktoba 1954. Maneno "horror" na "terror" yakapigwa marufuku kwenye majina ya majarida. Wafu wanaotembea, wanyonya damu na watu wanaogeuka mbwamwitu wakafukuzwa. Jarida lisilo na muhuri wa kuonyesha kwamba limefuata kanuni hizo lilirudishwa na wasambazaji likiwa bado kwenye kifurushi. Mizuka ya EC ikafa mwanzoni mwa 1955, na fedha za roketi zikafa nayo.

Kanuni hizohizo zilikataza kudhihaki watu wa rangi nyingine. Lakini EC ilipotaka kuirudia "Judgment Day" katika toleo la mwanzo wa 1956, mkaguzi mkuu wa kanuni hizo, hakimu Charles Murphy, alisema mwanaanga hawezi kuwa mweusi. Kwa simulizi ya Feldstein, walipomweleza kwamba hiyo ndiyo hadithi yenyewe, akalegeza na kuomba angalau jasho lifutwe. Gaines akamtukana kwenye simu, akachapisha kila kitu kama kilivyokuwa, jasho na yote. Hicho kilikuwa kitabu cha mwisho cha katuni cha EC. Kilichobaki ni Mad, katuni yao ya vichekesho, ambayo ilishaacha kuwa kitabu cha katuni na kugeuzwa jarida la kawaida.

Sasa kununua. Nakala halisi zimechapwa kwenye karatasi ya gazeti yenye asidi: inageuka kahawia na kukatika kwenye mkunjo, na unyevu wa pwani huharakisha. Kama hukusanyi kwa ajili ya thamani, achana nazo. Tafuta marudio ya rangi ya miaka ya 1990, yaliyochapwa toleo kwa toleo pamoja na barua za wasomaji, au vitabu vya Fantagraphics vinavyompa kila mchoraji kitabu chake, bila rangi. Kwa Wood, bila rangi ni bora, mistari inapumua. Kwa Ingels ningechagua rangi, kwa sababu Marie Severin aliyezitia alijua lini azamishe fremu nzima katika buluu.

Na ukiuziwa nakala halisi ya Weird Science namba 12, uliza kwanza ni ya mwaka gani. Ili kukwepa ada ya posta ya jarida jipya, EC iliendeleza namba za jarida la mapenzi lililokufa, ikaanzia 12 mwaka 1950. Baada ya 15 posta ikawalazimisha kurekebisha hesabu, toleo lililofuata likawa la 5. Kwa hiyo namba 12 hadi 15 zipo mara mbili, za 1950 na za 1952, na bei zake hazikaribiani.